KIFAA CHA UMEME CHA KUDHIBITI MKOJO: MWAKA WA TANO INAKUWAJE?

Leo naweka mada ambayo wengi wanaiona ya aibu, ila naulizwa sana. Mtu kaumia uti wa mgongo, au mama kaharibikiwa wakati wa kujifungua, mkojo unamtoka bila yeye kutaka. Ndugu yake anaingia kwenye mtandao, anakuta kuna kifaa kidogo kinapandikizwa mwilini, kinachochea mishipa ya fahamu kwa umeme na kibofu kinarudi kwenye adabu. Picha safi, mzungu anatabasamu. Maswali yanakuja: ni kweli? Kinadumu? Na sisi wa Mbeya na Iringa kinatuhusu?

Jibu fupi kwa ambaye dakika zake za kafe zinakaribia kuisha: ni kweli kipo, kimewasaidia watu wengi, ila si kila mkojo unaovuja ni wa kutibiwa nacho. Na siku ya oparesheni haikuambii kama umepona. Mwaka wa tano ndio unaokuambia. Mwenye muda tuendelee.

Niseme mapema: mimi si daktari. Nimemaliza sekondari, baiolojia naipenda, na nimejitahidi kuangalia tafiti zenyewe, sio matangazo ya wauzaji.

KIBOFU KINAFANYAJE KAZI

Kibofu ni mfuko wa misuli. Figo zinachuja mkojo, unashuka taratibu, mfuko unajaa. Mlangoni kuna msuli unaobana. Mfuko ukijaa, neva zinapeleka taarifa kwenye uti wa mgongo na kupanda hadi kwenye ubongo. Ubongo ndio unaosema "subiri kwanza, tuko kwenye daladala" au "haya, sasa ruksa". Ruksa ikitoka, mlango unalegea na mfuko unajikamua.

Neva zinazofanya kazi hiyo zinatokea sehemu ya chini kabisa ya mgongo, kwenye ule mfupa ulio juu kidogo ya makalio. Vifaa vinavyozungumziwa sana kwenye mada hii vinafungwa hapo. Vipo pia vipya vinavyowekwa karibu na kifundo cha mguu, kwa sababu neva inayopita pale chanzo chake ni jirani na neva za kibofu.

MKOJO UNAVUJA KWA SABABU GANI?

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo tulia usome. Kuvuja ni dalili, na chanzo kinaweza kuwa kimojawapo cha hivi:

1. Tundu. Mama amekaa na uchungu siku mbili tatu, kichwa cha mtoto kimebana nyama za njia ya uzazi hadi zikafa, likabaki tundu kati ya kibofu na uke. Hii ndiyo fistula. Mkojo unatiririka usiku na mchana. Hapa umeme hausaidii kitu. Ndoo ikitoboka unaziba tundu.

2. Mlango umelegea. Mtu akikohoa, akicheka au akibeba ndoo ya maji, mkojo unamponyoka. Wapo pia akina mama waliozibwa fistula vizuri lakini wanaendelea kuvuja kwa sababu mlango wenyewe uliumia.

3. Kibofu chenye haraka. Kinajikamua chenyewe kabla hakijajaa. Mtu anakimbilia chooni mara 15 kwa siku na mara nyingine hafiki. Wengi wao neva zao hazina jeraha lolote linaloonekana.

4. Mawasiliano yamekatika. Uti wa mgongo umeumia: ajali ya bodaboda, lori kufeli breki kwenye mteremko wa Kitonga au Mlima Nyoka, mtu kuanguka toka juu ya mti. Kifua kikuu cha uti wa mgongo nacho kinafanya hivyo hivyo, tena taratibu, na kikiwahiwa kinatibika kwa dawa. Hapa kibofu na ubongo hawasikilizani tena. Wengine mkojo unagoma kutoka, wengine mfuko unajikamua huku mlango umebana.

Hiyo namba nne ndiyo ya hatari zaidi. Mfuko ukijikamua huku mlango umebana, presha inapanda na mkojo unaweza kurudi juu kwenye figo. Zamani waliovunjika uti wa mgongo hawakufa kwa sababu ya miguu kupooza. Wengi waliuawa na figo. Kwa hiyo ukisikia mgonjwa wa namna hii "haoni shida, anavaa pampasi tu", ujue nguo zimeokolewa, figo bado ziko matatani. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema watu zaidi ya milioni 15 duniani wanaishi na jeraha la uti wa mgongo. Ni kundi kubwa.

VIFAA VIPO VYA AINA MBILI KUU

Aina ya kwanza ilitoka Uingereza. Profesa Giles Brindley wa London alianza kuwawekea binadamu kwa mafanikio mwaka 1978. Hiki ni cha waliokatika kabisa uti wa mgongo, yaani namba nne. Elektrodi zinafungwa kwenye mizizi ya neva za kibofu, waya unapita chini ya ngozi hadi kwenye kipokezi kidogo. Mgonjwa ana kisanduku chake cha nje. Akitaka kukojoa anaweka kile kisanduku juu ya ngozi, kinarusha mawimbi ya redio, neva zinashtuliwa, mkojo unatoka. Ndani ya mwili hakuna betri kabisa.

Lakini ina bei yake, na hapo siongelei hela. Kwa kawaida daktari anakata mizizi ya neva inayoleta hisia toka kwenye kibofu, ili kisijikamue ovyo. Kikikatwa hakiungwi tena. Mwanamume aliyekuwa bado anasimamisha kwa mguso anapoteza uwezo huo, na kama kuna hisia kidogo iliyobaki sehemu hizo nayo inaondoka. Kijana wa miaka 22 anatakiwa aambiwe hilo waziwazi kabla ya kusaini karatasi.

Aina ya pili ilitoka Marekani, kwenye kazi za Emil Tanagho na Richard Schmidt wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Hii inafanana na betri ya moyo: kijisanduku chenye betri kinazikwa chini ya ngozi juu ya kalio, waya mmoja unaingia karibu na neva, na umeme mdogo unapita muda wote kutuliza fujo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani (FDA) iliruhusu kifaa cha InterStim cha kampuni ya Medtronic mwaka 1997 kwa kibofu chenye haraka, na mwaka 1999 ikaongeza wale ambao mkojo unagoma kutoka bila njia kuziba. Uzuri wake ni kwamba kwanza unajaribiwa: unawekewa waya wa majaribio kwa siku au wiki kadhaa, dalili zikipungua angalau nusu ndipo unazikiwa kijisanduku. Zisipopungua, waya unatolewa na maisha yanaendelea.

Angalia tofauti. Aina ya kwanza ni ya aliyekatika uti wa mgongo. Ya pili, kwa sehemu kubwa, ni ya mtu ambaye uti wake ni mzima. Kwa aliyekatika kabisa, hii ya pili mara nyingi haifui dafu. Kwenye matangazo zote zinaitwa "kifaa cha neva cha kudhibiti mkojo", na hapo ndipo watu wanapoliwa.

SASA MATOKEO: BAADA YA MIAKA MITANO NA ZAIDI

Kwa kifaa cha Brindley, yeye mwenyewe alichapisha mwaka 1994 habari za wagonjwa 500 wa kwanza, wengine wakiwa wamekaa nacho zaidi ya miaka 10. Zaidi ya 400 walikuwa bado wanakitumia kukojolea. Mwaka uliofuata akachapisha hesabu ya hitilafu: kwa wastani ni hitilafu moja kwa kila takriban miaka 20 ya matumizi ya kifaa kimoja. Kwa kitu kinachokaa ndani ya mwili wa mtu, hiyo ni kali. Siri ni ile ile: hakina betri ndani, kwa hiyo ndani hakuna cha kuisha chaji. Kinachochakaa zaidi ni vitu vya nje, yaani nyaya na kisanduku, na vya nje vinabadilishwa bila kisu.

Kwa aina ya pili, utafiti mmoja wa nchi mbalimbali uliochapishwa mwaka 2007 uliwafuatilia watu 152 waliopandikizwa. Baada ya miaka mitano mafanikio yalikuwa 68% kwa waliokuwa wanavuja kwa haraka ya mkojo, 56% kwa waliokuwa wanaenda chooni mara nyingi mno, na 71% kwa wale ambao mkojo ulikuwa unagoma.

Utafiti mwingine unaitwa InSite, ulifanyika Amerika Kaskazini, watu 272 wakapandikizwa, na matokeo ya miaka mitano yalitoka mwaka 2018. Hapa nataka uwe makini. Matangazo yatakuambia mafanikio ni 82%, na hayadanganyi. Ila hiyo 82% ni ya wale waliofika kwenye kipimo cha mwaka wa tano. Ukiwarudisha kwenye hesabu walioacha njiani kwa sababu kifaa hakikuwasaidia au kiliwaletea matatizo, inashuka hadi 67%.

Ni kama shule iseme "wanafunzi wetu 82% wamefaulu" halafu ikakaa kimya kuhusu wale walioacha masomo kidato cha pili. Hesabu zote mbili ni za kweli. Anayekuuzia atachagua moja. Na kumbuka kwenye utafiti huo waliovunjika uti wa mgongo hawakuwemo kabisa.

NINI KINAHARIBIKA?

Kwenye huo huo InSite, ndani ya miaka mitano theluthi moja hivi walirudi kisuni kubadilishiwa betri iliyokwisha. Kama mtu 1 kati ya 5 alirudi kurekebishiwa kifaa, na karibu mtu 1 kati ya 5 alitolewa kabisa. Sababu za kawaida kwa vifaa hivi ni maumivu pale kijisanduku kilipozikwa, waya kusogea au kukatika, uambukizo, au kifaa kuacha kusaidia. Wengine hawana tatizo kubwa ila wanahitaji kurekebishiwa nguvu ya umeme kwa kompyuta maalumu mara kwa mara.

Kuna suala la MRI pia. Vifaa vya zamani vya aina ya pili havikuruhusiwa kwa MRI ya mwili mzima. Vilivyoruhusiwa vilianza kupatikana Marekani mwaka 2019 na 2020. Kwa hiyo mwenye kifaa cha zamani akihitaji kipimo cha mgongo, ni mtihani.

Vipya vya kuchaji vimetoka pia, Axonics ikaanza mwaka 2019, na kampuni zinasema vinadumu miaka 15. Piga hesabu mwenyewe. Kitu kilichoingia sokoni 2019 hakuna mtu aliyekaa nacho miaka 15 baada ya hapo. Hiyo 15 imetoka maabara, haijatoka kwenye maisha ya watu. Inaweza kuwa kweli, ila bado haijashuhudiwa.

Na kampuni yenyewe ikiyumba? Mfano upo, japo ni wa macho. Second Sight ya Marekani iliwapandikizia vipofu zaidi ya 350 kifaa cha kuwasaidia kuona mwanga na maumbo. Mwaka 2019 ikaacha kukitengeneza, mwaka 2020 ikapunguza karibu wafanyakazi wote. Watu wakabaki na kifaa machoni bila fundi wala spea. Redio ikifa utatafuta fundi Mwanjelwa. Kifaa kilicho ndani ya mgongo wako fundi wake ni mmoja tu, na akifunga duka umekwisha.

HAPA KWETU

Vifaa vya umeme ndani ya mwili sio kitu kigeni Bongo. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete (JKCI) pale Dar inaweka betri za moyo. Muhimbili ilianza mwaka 2017 kuwapandikizia watoto viziwi vifaa vya kusikia. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba madaktari wetu hawawezi. Kinachokamata ni mnyororo wa baadaye: nani anaweza kukirekebisha, spea zitoke wapi, na nauli.

Toka Mbeya hadi Dar ni kilometa zaidi ya 800, toka Iringa ni kama 500. Mtu wa kiti cha magurudumu kwenye basi la usiku, kidonda cha mgandamizo kinamsubiri kwenye kiti. Sasa kama kifaa kimewekwa India au Ulaya, "kliniki ya kurekebisha" ni pasipoti na tiketi ya ndege. Bei yenyewe Marekani, oparesheni pamoja na kifaa, ni makumi ya maelfu ya dola.

Mtaani kwetu kuna kaka mmoja alianguka toka kwenye paa, miguu ikagoma. Familia ilishaanza kutafuta mnunuzi wa shamba la parachichi ili wampeleke nje, dalali mmoja kawaonyesha video. Mama yake akaniomba nimtafsirie karatasi. Tukasoma taratibu, sentensi kwa sentensi. Kifaa kilichotangazwa kilikuwa cha aina ya pili, na kaka uti wake umekatika kabisa. Nikamwambia, "Mama, hizi karatasi hazimhusu mwanao." Alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza, "Kwa hiyo tumwache hivi hivi?"

Hapana. Hakuachwa hivi hivi, na hii ndiyo sehemu ambayo haina video nzuri.

KINACHOFANYA KAZI SASA HIVI

Kwa namba nne, njia inayookoa figo za watu wengi ni mpira wa mkojo unaoingizwa na kutolewa. Huu ni tofauti na ule unaokaa ndani wiki nzima na mfuko pembeni. Unanawa mikono kwa sabuni, unapaka jeli, unaingiza mpira, mkojo unatoka wote, unatoa mpira. Kila baada ya saa 4 hadi 6. Lengo ni mfuko usizidi kama nusu lita. Mwaka 1972 Dk. Jack Lapides wa Michigan alionyesha kwamba inatosha uwe msafi wa kawaida, si lazima usafi wa chumba cha upasuaji. Hilo ndilo lililoifanya iwezekane nyumbani, hata kijijini. Dunia nzima, hata kwenye nchi zenye vile vifaa vya umeme, hii ndiyo njia ya kwanza kwa wengi.

Inafundishwa na nesi au daktari, usijifunze kwenye video peke yako. Anzia Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa, omba ufundishwe, uliza mpira wako unatumika mara ngapi na unasafishwaje. Pima figo kila mwaka kwa damu na picha ya ultrasaundi. Kesi ngumu za uti wa mgongo zinapewa rufaa kwenda taasisi ya mifupa ya MOI, pale Muhimbili. Kibofu kinachojikamua kwa fujo kina dawa za vidonge pia, na kuna sindano za botoksi ndani ya kibofu kwenye hospitali kubwa.

Yule kaka sasa ni mwaka wa tatu anatumia mpira. Anachaji simu za watu na kuuza vocha. Ana saa yenye kengele, ikilia anaomba radhi anaingia ndani, dakika kumi kisha anarudi. Shamba lipo. Kipimo cha figo cha mwisho kilikuwa kizuri.

Kwa namba moja, fistula inazibwa kwa oparesheni. CCBRT ya Dar imekuwa ikitibu bila malipo, na kuanzia mwaka 2009 ilianza kuwatumia akina mama nauli kwa M-PESA ili umbali usiwazuie. Ila hata hapa angalia mwaka wa tano: aliyezibwa akaendelea kuvuja arudi, asijifiche akidhani ndio imeshindikana. Na mimba inayofuata aseme mapema kliniki, kawaida anashauriwa kujifungua kwa oparesheni ili pasifumuke.

Kwa namba mbili na tatu, mazoezi ya misuli ya nyonga, kupangilia muda wa kwenda chooni na dawa vinawasaidia wengi kabla hata ya kufikiria kisu.

Wahi hospitali ukiona: homa na kutetemeka, damu kwenye mkojo (kwa wa Kyela na kando ya Ziwa Nyasa inaweza kuwa kichocho pia), mkojo kugoma kabisa, au ganzi mpya sehemu za siri na miguu kuishiwa nguvu. Na kama umeumia shingoni au kifuani juu halafu ghafla kichwa kinapasuka na unatoka jasho, mpira wa mkojo uangaliwe HAPO HAPO. Kibofu kilichojaa kinaweza kupandisha presha hadi kuua.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

- Mkojo wangu unavuja kwa sababu gani kati ya zile nne? Kimepimwa nini kuthibitisha?
- Kifaa hiki kilijaribiwa kwa watu wenye tatizo kama langu?
- Hiyo asilimia ya mafanikio, walioacha njiani wamehesabiwa?
- Kuna kitu kinakatwa ambacho hakirudi?
- Betri ikiisha au waya ukikatika, nani atanifungua, wapi, kwa shilingi ngapi?
- Nikihitaji MRI itakuwaje?

Akijibu yote bila kukwepa, mnaweza kuongea. Akianza kukuonyesha video tena, funga dirisha.

Teknolojia sio adui, wadau. Kuna watu Uingereza wamekaa na kifaa kile miaka na miaka na wanakishukuru. Siku kliniki ya kukihudumia itakapokuwa Mbeya, nitakuwa wa kwanza kuwaletea habari hapa. Mpaka siku hiyo, mwenye ndugu anayevuja mkojo amtoe chumbani kwanza, ampeleke akapimwe figo.

Uwanja ni wenu. Mwenye uzoefu na mpira wa mkojo, au muuguzi anayeweza kuongeza au kusahihisha, tiririka hapo chini. Majina ya wagonjwa tusiyaweke tafadhali.